Kwenda Kundelungu kutoka Lubumbashi: maji, mazutu na saa za mwanga

Maporomoko ya Lofoi, yaliyo kwenye mlima Kundelungu huku Katanga, Kongo, watu wengi wa Lubumbashi wameyasikia tangu shuleni, na waliofika ni wachache. Mlima wenyewe hauna lawama. Kundelungu haidai kamba wala viatu vya misumari: ni uwanda wa juu wenye nyasi, unaofika kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, umekaa kati ya bonde la Lufira upande wa magharibi na Luapula upande wa mashariki. Safari huharibikia kwenye gari, kwenye bidoni na kwenye saa. Hesabu zifuatazo ni za watu watano, jipu (jeep) moja ya mazutu, yaani dizeli, siku nne na usiku tatu. Wewe badilisha namba tu.

Mwezi wa kwenda

Mvua za Katanga huisha mwezi wa nne na kurudi kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Ukienda katikati ya masika, maji ya Lofoi ni mengi lakini udongo unameza gari hadi ekseli. Ukingoja mwezi wa tisa, njia ni kavu kama mfupa, ila mto umepungua na moshi wa nyika inayoungua umefunika bonde lote. Utasimama juu ya korongo lenye kina cha zaidi ya mita 340 usione chini. Kipindi kizuri ni kuanzia katikati ya mwezi wa tano hadi mwanzo wa mwezi wa saba: njia zimeanza kukauka, maji bado yanaanguka kwa nguvu, hewa ni safi. Bei ya kipindi hicho ni baridi. Lubumbashi penyewe mwezi wa sita usiku huteremka chini ya nyuzi 10, na kule juu, kwenye upepo, ni chini zaidi.

Ruhusa na habari za njia

Kundelungu ni mbuga ya taifa tangu 1970, na inasimamiwa na ICCN, taasisi ya Kongo ya kuhifadhi mbuga. Anza ofisini kwao Lubumbashi wiki mbili au tatu kabla. Uliza mambo manne, na majibu uyaandike: njia ipi inapitika wiki hii, daraja lipi limeharibika, hali ya usalama ikoje, na mlinzi gani ataongozana nanyi. Usimwulize mtu aliyepita mwaka jana. Daraja la miti huliwa na masika moja tu. Wakikwambia usiende, ahirisha, maporomoko hayahami.

Bebeni vitambulisho, karatasi zote za gari pamoja na bima, na kopi tatu za orodha ya abiria. Pesa iwe franka za noti ndogo, maana kijijini hakuna wa kukuvunjia dola mia. Mkitaka kulala karibu na kijiji, mwenye neno ni mfumu, yaani chifu. Mtu mmoja ashuke, asalimie, aseme mmetoka wapi, mnaenda wapi na mtalala usiku mngapi. Kusimamisha hema kwanza na kusalimia baadaye ni kosa ambalo zawadi ya sukari na chumvi haiondoi haraka.

Hesabu ya saa

Huku giza linaingia karibu saa kumi na mbili jioni, na linaingia haraka. Basi anza hesabu kwenye giza na urudi nyuma. Tuseme ofisini wamekwambia njia inayopitika ni kilomita 250. Kwenye udongo uliochimbika wastani wa kweli ni kilomita 30 kwa saa, hata kama kuna vipande utakimbia 70. Hiyo ni zaidi ya saa nane za usukani. Ongeza saa mbili za vizuizi, chakula, kukagua gari na tairi moja itakayotoboka. Ukiondoka saa kumi na moja alfajiri utafika kama saa tisa na robo alasiri, na utapata saa mbili na nusu za kuchagua mahali na kusimamisha hema. Ukiondoka saa mbili asubuhi kwa sababu mmoja alichelewa na mwingine alipitia soko la Kenya, hapo hapo Lubumbashi, kununua nyanya, utafika gizani, utalala popote, na popote huko huwa ni ndani ya dembo, bonde la nyasi lenye majimaji.

Ununuzi wote ufanyike siku moja kabla. Gari lilale limepakiwa.

Mazutu

Kwenda na kurudi kilomita 500, kwa lita 14 kila kilomita 100, ni lita 70. Mizunguko ya kule juu, tuseme kilomita 80 kwa gia nzito, hula lita 20 kwa 100, yaani 16. Jumla 86. Ongeza theluthi ya akiba, 29: unafika lita 115. Tangi la lita 90 na bidoni mbili za lita 20 zinatosha. Bidoni ziwe za chuma, zifungwe nje au nyuma kabisa, wala si miguuni pa abiria. Theluthi hiyo usiipunguze kwa sababu kuna kijana anauza mafuta kwenye chupa njiani. Mafuta hayo mara nyingi yana maji chini. Ikibidi kuyanunua, yaache yatulie dakika 20 kwenye chombo kinachoona ndani, mimina polepole kupitia kitambaa kizito, na sentimita mbili za chini uzimwage.

Maji

Lita tano kwa mtu kwa siku: kunywa, bukari (ugali), chai na kunawa uso. Watu watano kwa siku nne ni lita 100, yaani bidoni tano za lita 20. Hizo ni kilo 100 kamili. Ziwe sakafuni, nyuma ya viti vya mbele. Ukizipandisha juu ya paa, gari litayumba kwenye kila mteremko wenye makorongo, na siku moja halitarudi kusimama.

Kagua bidoni hivi: mimina maji ya moto kidogo, funga, tikisa, fungua, nusa. Iliyowahi kubeba esansi (petroli) au mawese haitakosa kujisema. Hiyo ibaki nyumbani. Maji ya kijito yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha yachemke kwa nguvu dakika tatu.

Nyasi chini ya gari

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu jambo hili huunguza magari na watu wa mjini hawalijui.

Mwezi wa sita nyasi za uwanda zimefika kifuani na zimekauka. Katikati ya njia isiyopitwa sana hubaki mgongo wa nyasi. Gari linapopita, linazikata na kuzivuta chini ya tumbo lake. Zinajaa juu ya bomba la moshi, kwenye pembe za bamba la kulinda injini, kando ya ekseli. Bomba lina moto mkali. Wakati mnatembea upepo unapoza. Mkisimama kupiga picha, joto linabaki hapo hapo, na baada ya dakika chache mtu anasema anasikia harufu kama ya makala, yaani mkaa. Wakati huo moto tayari umefika kwenye mipira na nyaya.

Dawa ni uvumilivu. Kila kilomita 10 hadi 15 za nyasi ndefu, simama mahali palipo wazi, penye udongo au mawe. Mtu mmoja alale chini na tochi, na fimbo ya chuma yenye ndoano, avute nyasi zote kutoka kwenye bomba. Fimbo hiyo itengenezwe kabla ya safari: nondo ya milimita 6, urefu wa mita moja, ncha iliyopindwa. Usivute kwa mkono, utaacha ngozi. Kizima moto cha kilo 2 kiwe karibu na dereva, si chini ya mifuko ya unga. Na usisimamishe gari juu ya nyasi ndefu hata kwa dakika mbili.

Mbegu za nyasi zina kazi yao nyingine: zinaziba rejeta. Utaona sindano ya joto inapanda wakati mwendo ni mdogo. Kabla ya kuondoka mjini, funga kipande cha wavu wa chandarua mbele ya rejeta, kisha kila mnapokagua chini mkung'ute na huo. Usimimine maji baridi kwenye injini iliyochemka, na kifuniko cha rejeta usikifungue kabla ya nusu saa.

Tairi na kukwama

Tairi za akiba mbili. Moja haitoshi, hata iwe mpya. Bebeni jeki, ubao wa mraba wa sentimita 40 wenye unene wa sentimita 4 wa kuwekwa chini ya jeki (bila huo jeki itazama na gari halitapanda), koleo, panga, kamba ya kuvutia ya mita 10, pampu na kipimo cha upepo. Kwenye mchanga laini teremsha upepo kutoka kilo 2.4 hadi 1.6. Tairi inapanuka, gari linaelea. Mkirudi kwenye njia ngumu, jazeni tena mara moja; tairi laini kwenye mawe hupasuka ubavuni, na ubavu hauzibwi.

Gari likianza kuchimba, dereva aondoe mguu. Kukanyaga zaidi ni kujichimbia kaburi. Shukeni wote, ondoeni udongo mbele ya magurudumu manne, wekeni matawi makavu yaliyoanguka, kisha gia ya kwanza nzito, polepole.

Kulala juu

Dembo huvutia: tambarare, laini, kando ya maji. Usiku hewa baridi huteremka na kujaa humo kama maji kwenye sahani, na alfajiri hema limelowa chapachapa. Panda katikati ya mteremko, upande usio na upepo. Tofauti utaisikia miguuni.

Baridi kubwa hutoka chini. Blanketi mbili juu na mkeka mtupu chini ni usiku wa kukesha. Weka turubai, kisha sponji ya sentimita 5, kisha blanketi moja chini na moja juu. Soksi za kulalia ziwe kavu na zisiguswe mchana. Masweta ya sufu ya mitumba ni bora kuliko koti jipya la pamba, kwa kuwa pamba ikilowa hubaki baridi mwilini.

Chakula kifanye kazi bila friji: unga gramu 400 kwa mtu mzima kwa siku, yaani kilo 8, maharage kilo 3, makayabu (samaki wa chumvi) na ndakala kavu (dagaa), vitunguu, mafuta lita 2, chumvi, chai na sukari. Makayabu yaoshwe mara tatu, vinginevyo akiba ya maji ya kunywa itaisha siku ya pili. Makala mtoke nayo mjini. Ndani ya mbuga hakuna kukata mti. Jiko liwekwe mahali palipokwanguliwa nyasi mita tatu kila upande, na bidoni ya maji iwe karibu. Upepo wa saa nane mchana huamka ghafla.

Kwenye maporomoko

Nyasi hufunika ukingo, na jiwe lililo karibu na maji lina ute wa kijani usioonekana. Mlinzi atangulie. Baki mita 10 kutoka ukingoni, na usiingie mtoni juu ya maporomoko hata kama maji ni ya vifundoni. Watoto washikwe mkono, si kuitwa kwa sauti. Mngurumo wa maji hula sauti.

Kama mlinzi amekubali mshuke bondeni, hesabu kupanda kwanza. Mtu mzima mwenye afya hupanda kama mita 300 za kimo kwa saa kwenye njia nzuri, na pale si nzuri: weka saa mbili, na ya tatu ya akiba. Kwa hiyo ikifika saa saba mchana, mmefika chini au hamjafika, mnageuka. Kila mtu abebe lita mbili zake mwenyewe.

Mkipita misitu ya miombo penye mbung'o, fungeni vioo; hufuata kitu kinachotembea. Hupenda rangi ya buluu na nyeusi, kwa hiyo jinzi, ambayo kila mtu mjini hufikiri ndiyo nguo ya porini, ndiyo mbaya kuliko zote. Vaa kaki au kijivu. Malaria haijali mwinuko wa mahali ulipopumzika njiani, basi chandarua kila usiku. Kwenye sanduku la dawa pawe na chumvi za kuongezea maji mwilini pakiti 10, bandeji pana nne, dawa ya kidonda, paracetamol, na dawa za kila mtu anazokunywa nyumbani.

Karatasi inayobaki Lubumbashi

Simu zitakata. Mwachie ndugu mmoja karatasi, si ujumbe wa sauti: majina, namba ya gari, njia mliyopewa, mahali mtakapolala kila usiku, namba ya ofisi ya mbuga, na nyakati mbili. Wa kwanza ni saa mnayotarajia kurudi. Wa pili ni saa ambayo, asipowasikia, aanze kupiga simu. Iwe asubuhi inayofuata, ili tairi moja isiuamshe mji mzima usiku. Mkiingia Lubumbashi, mpigie yeye kwanza, kabla ya kuosha gari. Kisha osha gari, na anzia chini, kwenye bomba.