Kumchagua diwani wako ukiwa London: hatua kwa hatua

Wenzetu wengi hudhani kura ya Uingereza ni ya wenye pasipoti ya Uingereza tu. Sivyo. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zimo kwenye Jumuiya ya Madola, kwa hiyo raia wake aliyetimiza miaka 18 na mwenye kibali halali cha kukaa anapiga kura. Kongo na Burundi hazimo.

Hatua ya 1: Jiandikishe. Ingia gov.uk ukiwa na namba yako ya bima ya taifa, ile iliyo kwenye hati ya mshahara. Mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya kura. Kulipa kodi ya halmashauri hakukuingizi kwenye daftari la wapiga kura.

Hatua ya 2: Tayarisha kitambulisho. Tangu Mei 2023 hupewi karatasi ya kura bila kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya Kenya au Tanzania inakubaliwa, hata iliyokwisha muda, mradi sura bado ni yako. Leseni ya udereva ya nyumbani haikubaliwi, wala picha ya pasipoti kwenye simu. Dada aliyejiandikisha kwa jina la mume huku pasipoti ikiwa na la baba abebe cheti cha ndoa. Mwenye nikabu anaweza kuomba kukaguliwa faraghani na karani mwanamke.

Hatua ya 3: Nenda kituoni. Ni Alhamisi, saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku. Nenda kituo ulichopangiwa, si chochote kilicho karibu. Mlangoni utakuta watu wenye beji za utepe wakikuuliza namba yako ya mpiga kura. Hao ni wa vyama, si maofisa. Ukitaka wajibu, usipotaka wapite tu.

Hatua ya 4: Weka alama. Hapa ndipo kura zetu zinapopotea. Kata nyingi za London huchagua madiwani watatu kwa mkupuo mmoja, lakini watu huweka X moja wakaondoka. Soma maelezo ya juu: yakisema watatu, una X tatu. Majina hupangwa kwa alfabeti ya jina la ukoo, hivyo wagombea wa chama kimoja hutawanyika; shuka mpaka chini kabisa. Unaweza kuchanganya vyama au kuweka chache, ila ukizidisha kura imeharibika. Usiandike jina lako popote. Ukikosea kabla ya kuitumbukiza karatasi sandukuni, mrudishie karani akupe nyingine.

Newham, Hackney, Lewisham, Croydon na Tower Hamlets huchagua pia meya wa manispaa: karatasi ya pili, X moja tu.

Wewe wa zamu za usiku, omba kura ya posta mapema. Mwisho ni siku 11 za kazi kabla. Bahasha ikichelewa, ipeleke mwenyewe kituoni na ujaze fomu utakayopewa. Ukiisukuma kwenye sanduku la barua la halmashauri, haihesabiwi.