Kusaga Meno Usingizini: Jinsi ya Kupata, Kuvaa na Kutunza Kinga ya Meno

Anayesaga meno usiku mara nyingi huambiwa na anayelala naye chumba kimoja. Mwenyewe huona matokeo asubuhi: taya zimechoka, kichwa kinauma pembeni, meno yanatiwa ganzi na maji baridi, na ncha za meno ya chonge zimelika zikawa bapa.

Kinga ya meno, yaani kifaa cha plastiki kinachovalishwa juu ya meno wakati wa kulala, haizuii kusaga. Kazi yake ni kulika badala ya jino, kwa sababu enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ikishalika haioti tena. Mikwaruzo mingi juu ya kinga si ubovu, ni ushahidi kwamba inafanya kazi.

Kabla ya kupimwa, maliza kwanza matibabu mengine. Jino likizibwa au kuvishwa kofia baada ya kinga kutengenezwa, umbo lake hubadilika na kinga haitakaa. Mweleze daktari dawa unazotumia: fluoksetini na setralini (dawa za sonona), kwa mfano, huweza kuchochea kusaga, lakini usiziache bila ushauri wa aliyekuandikia. Ukikoroma kwa nguvu huku pumzi ikikatika, hilo lichunguzwe kwanza, maana kwa baadhi ya watu kinga huzidisha tatizo hilo la pumzi.

Kwa msagaji mzito chagua kinga ya akriliki ngumu (aina ya plastiki), unene wa milimita 2 hadi 3 upande wa magego. Ile laini huvalika kwa raha siku za mwanzo, ila wengine huitafuna kama ubani na huweza kutoboka baada ya miezi michache. Zile za michezo zinazolainishwa kwa maji ya moto na kung'atwa nyumbani ni nene na hazilingani pande zote, kwa hiyo si za kutegemea miaka. Jihadhari na kinga inayofunika meno ya mbele tu: magego yasiyogusa kitu huweza kusogea, na siku moja ukakuta meno hayakutani tena.

Vipimo vichukuliwe vya taya zote mbili, pamoja na nta inayoonyesha jinsi unavyofunga mdomo. Bila taya ya pili, fundi hawezi kujua kinga itagusana na nini. Kama inatumika aljineti (unga unaokorogwa na maji ili kunasa umbo la meno), inamisha kichwa mbele kidogo na upumue kwa pua ili usitapike. Huganda kwa dakika chache. Jasi ya kutengenezea mfano wa meno imiminwe humo mapema, kwani aljineti ikikauka hunywea, na kinga itakayotoka humo haitakaa sawa.

Siku ya kujaribisha ndiyo ya kutoharakishwa. Kinga ikae bila kucheza unapoibonyeza upande huu na ule. Daktari atakung'atisha karatasi ya rangi: alama zitokee kwenye magego ya kulia na kushoto kwa uzito unaolingana. Ukitelezesha taya kando, chonge zibebe mzigo na magego yaachane. Ukihisi upande mmoja unatangulia kugusa, sema palepale. Sehemu hiyo iliyoinuka ikiachwa, misuli hupigana nayo usiku kucha na maumivu ya taya huzidi badala ya kupungua. Rudi baada ya wiki 1 au 2 isahihishwe tena.

Kuivaa: piga mswaki, ilowanishe, iweke, kisha ibonyeze kwa vidole pande zote mbili. Usiisukume kwa kuing'ata. Kuitoa, anzia nyuma pande zote mbili kwa pamoja. Kuivuta upande mmoja ndiko huipasua. Mate kujaa siku za kwanza ni kawaida, na pia meno kuhisi hayakutani sawa kwa dakika chache asubuhi. Hisia hiyo ikidumu saa nzima, au jino moja likiuma, acha kuivaa na urudi kwa daktari.

Ioshe kila asubuhi kwa maji ya baridi, sabuni ya maji kidogo na mswaki laini wa peke yake. Dawa ya meno huikwaruza, na bakteria hujificha kwenye mikwaruzo. Maji ya moto huipinda, na dashibodi ya gari juani vilevile. Ikijenga ukoko mweupe, ilowekwe dakika 20 katika siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha isuuzwe vizuri. Ianikwe ikauke, halafu ikae kwenye kijisanduku chenye matundu. Ukiifunga kwenye tishu itatupwa na takataka.

Ichukue kila unapokwenda kukaguliwa, takriban kila miezi 6. Ikitoboka, ikipasuka au ikilegea, haifai kuunganishwa kwa gundi ya dukani.

Mtoto anayesaga meno kwa kawaida hatengenezewi kinga, kwa kuwa taya zinakua na meno ya utotoni yanang'oka. Wengi huacha wenyewe. Mtu mzima apunguze kahawa, pombe, sigara na miraa nyakati za jioni, kwani vyote huongeza kusaga.