Loki ya umeme kwenye mlango mwembamba wa kirikuu: anza na msuguano, mota baadaye

Wadau wa umeme wa magari, hii ni kazi niliyoifanya kwenye kirikuu (Suzuki Carry) ya mteja anayesambaza mizigo madukani, anashuka na kupanda siku nzima na milango anafunga kwa mkono. Ile seti ya dukani ya mota nne, zile ndefu kama bastola, kwenye Noah inaingia bila shida, lakini hapa mlango ni mwembamba, ukishaifunga kioo kikishuka kinaigonga. Ikabidi nitengeneze yangu fupi. Na kitu nilichojifunza ni kwamba loki ndogo haipatikani kwa kutafuta mota ndogo yenye nguvu, inapatikana kwa kupunguza kazi ambayo mota inatakiwa kufanya.

HATUA YA 1: Pima kwanza loki inahitaji nguvu gani kuivuta

Toa paneli ya mlango, na ile nailoni ya nyuma ibandue taratibu usiichane maana utairudisha. Chukua mizani ya kuning'iniza, zile za kupimia begi, nasa kwenye fimbo ya loki uvute polepole mpaka loki igeuke, soma namba kubwa zaidi iliyotokea. Fanya mara tano, kufunga na kufungua.

Hii gari ilisoma kilo 2. Kilo mbili kwa kitu cha kusukuma kwa kidole! Nikafungua loki yenyewe, nikaiosha kwa mafuta ya taa na brashi, ndani kulikuwa na grisi ya zamani imechanganyika na vumbi imekuwa kama lami. Fimbo ilikuwa imepinda inakwaruza bati, nikainyoosha, bushi ya plastiki iliyolika nikabadilisha, nikapaka grisi nyeupe ya lithiamu kidogo tu. Kupima tena: kilo 0.8. Hapo sijanunua chochote zaidi ya bushi. Na tafadhali, ile tabia ya kumiminia oili chafu iacheni, leo inateleza, kesho imebeba vumbi lote la barabara. Dawa ya kupulizia ya kulegeza kutu nayo ni ya kusafishia, ukiipulizia ukaondoka inabaki kavu.

HATUA YA 2: Pima nafasi kwa ugali

Usicheke. Chukua tonge la ugali uliopoa, gumu kidogo, lifunge kwenye mfuko wa plastiki, libandike kwenye bati pale unapotaka kuweka mota halafu shusha kioo mpaka mwisho. Kioo kitalibonyeza, unene unaobaki ndio nafasi yako halisi. Toa milimita 3 za usalama, kwa sababu kioo kinacheza gari likiwa kwenye mashimo. Rula haikupi hii kitu hata uinamishe kichwa vipi.

HATUA YA 3: Mota na gia, hapa ndio penye kazi

Mota nimetumia FC-280, ile ile iliyomo kwenye loki nyingi za magari ya Kijapani, imebapa pande mbili kwa hiyo ubapa unauelekezea kioo. Tafuta yenye kinga ya joto ndani, ikikwama kwa muda mrefu inajikata umeme kabla haijaungua.

Sasa gia. Mota inazunguka haraka na haina nguvu, kwa hiyo unaweka gia ya skrubu kwenye shafti yake inasukuma gia kubwa. Wengi wanaweka skrubu ya jino moja lenye mlalo mdogo (pembe ambayo jino limelala likizunguka shafti), tuseme nyuzi 5, kwa sababu ndiyo rahisi kupata. Ukichukua msuguano wa 0.1 (plastiki juu ya chuma chenye grisi, makadirio ya kawaida), nguvu inayofika upande wa pili ni kama asilimia 46 tu, zaidi ya nusu inaishia kwenye joto. Ukiweka skrubu yenye meno matatu yanayokimbizana, mlalo nyuzi 20, inafika kama asilimia 75. Mota ile ile, umeme ule ule.

Piga hesabu na mimi. Mkono uliofungwa kwenye gia kubwa, unaovuta fimbo, una urefu wa mm 15, gia inapunguza mara 40, na nguvu naizidisha mara mbili kwa ajili ya siku mbaya. Loki chafu ya kilo 2 na skrubu ya nyuzi 5 inataka mota itoe nguvu ya kuzungusha ya kama milinyutoni-mita 32. Loki safi ya kilo 0.8 na skrubu ya nyuzi 20 inataka 8. Yaani mzigo umeshuka mara nne na mota hujaigusa.

Kuhusu ukubwa: gia kubwa ya mara 40 kwa meno madogo (moduli 0.5, yaani kila jino linaongeza kipenyo mm 0.5; meno 120 kwa sababu skrubu ina meno matatu, mara 40) ina kipenyo cha mm 60, unaona kabisa haitaingia. Lakini fimbo inatembea mm 18 tu, na kwa mkono wa mm 15 hiyo ni kama nyuzi 74 za mzunguko, sasa gurudumu zima la nini? Kata kipande cha nyuzi 90, kama kipande cha pizza, kinatosha na mwisho wa kila upande unaweka raba ya kugonga.

HATUA YA 4: Mkono ushinde umeme siku zote

Hii usiruke. Skrubu ya nyuzi 5 haisukumiki kurudi nyuma, ukiiunga moja kwa moja na fimbo, betri ikifa mtu amefungiwa ndani. Ya nyuzi 20 inarudi, ila inaburuza mota na kipini kinakuwa kizito. Dawa ni kuchonga tundu refu kwenye ule mkono wa gia, mota ikimaliza kusukuma, springi inaurudisha mkono katikati, na fimbo inabaki huru kwenye tundu. Jaribu kwa ufunguo na kwa kipini waya zikiwa zimechomolewa. Ikigoma hata mara moja rudi mwanzo.

HATUA YA 5: Plastiki

Gia ya kwanza nilichapisha kwa printa ya 3D kwa PLA (plastiki ya kawaida ya printa hizo), ikafanya kazi vizuri mpaka gari liliposhinda juani, meno yakalainika kama mshumaa. PLA inaanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi. Tumia nailoni ngumu ya gia (siyo ile ya karatasi ya mlangoni) au asetali, plastiki nyingine ngumu ya gia, skrubu iwe ya chuma.

HATUA YA 6: Waya na majaribio

Mota ina waya mbili, ukigeuza chanya na hasi inageuka mwelekeo. Kwenye seti nyingi za dukani waya hizo ni bluu na kijani, ila rangi usiziamini, pima na mita. Mlango wa dereva kwenye seti una waya tano kwa sababu kuna swichi ndani, kwa hiyo kwenye hii yetu ongeza swichi ndogo ya pembeni la sivyo milango mingine haitamfuata dereva. Fyuzi ya ampea 15, na waya zipite kwenye mpira wa bawaba, waya laini za nyuzi nyingi, ngumu zinakatika hapo.

Jaribu kwa volti 14 injini ikiwaka, halafu kwa betri iliyochoka, volti 10. Ikivuta kwa 10 uko salama. Mimi nilifunga na kufungua mara 200, napumzisha kila baada ya kumi maana ukiibonyeza mfululizo ile kinga ya joto inakata na utadhani mota imekufa. Halafu nikarudisha mizani: kilo 0.8 bado. Ingepanda kufika 1 ningejua fimbo imeanza kukwaruza mahali, ningefungua tena kabla ya kurudisha nailoni na paneli.