Mbwa wa zizini akianza kukonda: damu na picha kabla ya sindano

Mbwa wa zizini haugui kwa kelele. Ataanza kubaki nyuma ng'ombe wakitoka kwenda malishoni, atahemea tumboni hali wenzake wametulia, atabweka kwa sauti iliyokwaruza. Tukimwona hivyo, wengi wetu tunakimbilia duka la dawa za mifugo. Anachomwa deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, kesho yake anakula, tunafurahi. Wiki tatu hazipiti amerudi palepale, na safari hii hata maabara inahangaika.

Kinachohangaisha ni ile sindano. Dalili kama hizo huweza kutokana na uvimbe kifuani. Unaoota mbele ya moyo mara nyingi ni limfoma, yaani saratani ya limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, na steroidi husinyaza chembe hizo kwa muda. Sampuli ikichukuliwa baadaye inaweza isionyeshe kitu, na saratani yenyewe huwa imeshaanza kuzoea dawa. Kwa hiyo mwombe daktari achukue vipimo kwanza.

Damu iwekwe kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, na tone moja lipakwe kwenye kioo saa hiyohiyo. Majibu yakija, usisome asilimia peke yake, zidisha. Chembe nyeupe zikiwa 22,000 kwa mikrolita na limfosaiti ni asilimia 60, basi limfosaiti ni 13,200. Mbwa mzima mwenye afya huwa na kati ya 1,000 na 4,800 hivi. Hapo mtu atatamka saratani ya damu. Subiri kidogo. Kwetu huku mtuhumiwa wa kwanza ni kupe. Erlikia, kimelea anayeletwa na kupe wa kahawia wa mbwa, akikaa mwilini miezi mingi huweza kupandisha limfosaiti kupita 10,000, na kwa macho zisitofautike na za saratani. Angalia chembe sahani, zile za kugandisha damu, kwenye karatasi hiyohiyo. Zikiwa chini sana, na mbwa anatoka damu puani au fizi zina vidoa vyekundu, erlikia apimwe mapema. Tiba yake ni doksisaiklini, kwa kawaida siku 28, kisha damu irudiwe.

Limfosaiti zikiwa chache mno, fikiria distempa au parvo, magonjwa ya virusi ya mbwa, au ile deksamethasoni ya dukani.

Picha ya eksirei ipigwe kwa mikao mitatu: ubavu wa kulia, wa kushoto, na chali. Anayehema kwa shida asilazwe chali. Kama kuna maji kifuani, yatolewe kwanza. Uvimbe ukiwa mbele ya moyo, daktari atapima kati ya limfoma na thaimoma, uvimbe wa tezi ya thaimasi. Limfoma ya hapo huweza kupandisha kalsiamu ya damu, ndiyo maana baadhi ya mbwa hunywa maji kupita kiasi na kukojoa hovyo. Thaimoma huweza kulegeza umio, chakula kikarudi kizima, na mara nyingi hutibika kwa upasuaji. Kuzitenganisha kunahitaji chembe zinyonywe kwa sindano nyembamba huku altrasaundi ikiongoza. Hospitali za mifugo za vyuo, kama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro au ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete, ni pa kuulizia.

Uvimbe ukiwa nyuma ya moyo, kando ya umio, habari ni nyingine, na inamhusu mfugaji zaidi. Huyo mara nyingi ni mnyoo, Spirocerca lupi. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, yakaliwa na yule mdudu anayeviringisha mavi. Mbwa humla mdudu, au humla kuku au mjusi aliyekwisha kumla. Funza wa mnyoo hupanda kwa kufuata mishipa hadi mshipa mkuu wa damu, wakakaa miezi kama mitatu, ndipo wakahamia kwenye umio na kujenga kivimbe. Kivimbe kikizeeka huweza kugeuka saratani. Mbwa hudondosha mate, hurudisha chakula, na wakati mwingine miguu huvimba mifupa kwa sababu ya jambo lililoko kifuani. Nimeona watu wakipaka dawa ya kuchua mguuni.

Kikiwahiwa, doramektini chini ya uangalizi wa daktari humaliza minyoo. Mbwa akiwa na damu ya Collie, mbwa wa kuchunga kondoo, daktari aambiwe mapema, maana dawa za jamii hiyo huweza kuwadhuru.

Zizini kwako, zoa kinyesi cha mbwa kila siku ukifukie, na siku ya kuchinja kuku, matumbo na firigisi mbichi zisitupwe kwa mbwa. Chemsha.