Somo: Jinsi Seattle walivyoizima Denver ya Peyton Manning, hatua kwa hatua

Wakuu, leo tunaingia kwenye ulinzi wa futiboli ya Marekani. Nimechukua mechi moja tu, Super Bowl, yaani fainali ya ligi kuu ya Marekani (NFL), ya tarehe 2 Februari 2014 pale East Rutherford, New Jersey. Denver Broncos walifika wakiwa na pointi 606 za msimu wa kawaida, rekodi ya NFL, yaani karibu 38 kila mechi. Kwotabeki wao, yaani mrushaji anayeongoza mashambulizi, Peyton Manning, alikuwa amerusha tachidauni 55 (pasi za kufunga) na yadi 5,477, nazo rekodi. Upande wa pili Seattle Seahawks walikuwa wameruhusu pointi 231 msimu mzima, chache kuliko timu nyingine yoyote. Mechi ikaisha 43-8 kwa Seattle.

Kwa wageni wa mchezo: anayeshambulia ana majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, akifaulu anapewa mengine manne. Senta anaupitisha mpira kati ya miguu yake, kwotabeki anaudaka, kisha anarusha au anampa mkimbiaji. Kila upande una watu 11. Twende.

Hatua ya 1: Jua mpinzani anaishi kwa nini

Manning alikuwa na miaka 37 na shingo iliyopasuliwa zaidi ya mara moja. Mkono wake haukuwa tena na nguvu za zamani. Kilichowaua watu ni macho. Alisimama mbele ya ulinzi, akausoma, akabadilisha mpango papo hapo kwa sauti na ishara za mikono, kisha mpira ukamtoka upesi. Mtu wa aina hii ukimrushia kundi la watu sita wamkimbilie, tayari ameshaona walikotoka, na pasi inakwenda hukohuko walikoacha pengo.

Hatua ya 2: Wanne mbele, basi

Hapa ndipo Seattle waliposhinda mechi, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Piga hesabu. Anayeshambulia ana watu watano wanaoweza kwenda kupokea pasi. Ukipeleka wanne kumsumbua kwotabeki, nyuma wanabaki saba. Saba kwa watano. Ukipeleka sita, wanabaki watano kwa watano, na akili ya Manning inatosha kumpata aliye dhaifu. Kila kocha anaijua hesabu hiyo. Shida ni kuwapata hao wanne ambao wataupenya ukuta wa watu watano bila msaada.

Seattle walikuwa nao, tena wa kubadilishana: Cliff Avril, Michael Bennett, Chris Clemons, Brandon Mebane, Clinton McDonald. Hakuna aliyecheza hadi akachoka. Na hapa takwimu zinadanganya, maana Manning aliangushwa na mpira mkononi mara moja tu mechi nzima. Ukisoma karatasi utasema hakusumbuliwa.

Tazama robo ya pili, Seattle wakiongoza 15-0. Denver wamesogea vizuri. Manning anarudi nyuma, anainua mkono. Avril ameshamzunguka kwa nje mtu wa Denver aliyekuwa akimzuia na kuugonga mkono ule wakati mpira unatoka. Mpira haukwenda mbele, ulipanda juu ukaelea. Malcolm Smith wa Seattle akasogea chini yake, akaudaka, akakimbia yadi 69 hadi mwisho wa kiwanja. 22-0. Kwenye takwimu hiyo haihesabiki kama kumwangusha kwotabeki. Smith ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa mechi, na kwa maoni yangu nusu ya tuzo ile ilikuwa ya Avril.

Hatua ya 3: Vuruga saa ya wapokeaji

Pasi za Denver zilikwenda kwa muda: mpokeaji anapiga hatua kadhaa, anageuka, mpira uko njiani. Konabeki wa Seattle (walinzi wa pembeni wanaowakaba wapokeaji), Richard Sherman na Byron Maxwell, walisimama uso kwa uso na wapokeaji na kuwasukuma kifuani mwanzoni kabisa. Sheria inaruhusu mgusano huo ndani ya yadi tano za kwanza. Kumchelewesha mpokeaji nusu sekunde tu kunatosha kuharibu hesabu yote, na nusu sekunde hiyo ndiyo wanayoihitaji wale wanne wa mbele. Hatua ya pili na ya tatu zinalishana.

Nyuma kabisa katikati alibaki Earl Thomas akilinda eneo kubwa mno kwa mtu mmoja. Mbio zake ndizo zilizowapa wenzake uhuru wa kusogea mbele.

Hatua ya 4: Pasi fupi mpe, ila alipie

Huku siyo kupaki basi. Seattle waliacha mlango wa mbele wazi makusudi, na nyuma yake wakamweka Kam Chancellor, mlinzi mwenye mwili wa beki la raga. Robo ya kwanza Demaryius Thomas, mpokeaji wa Denver, alidaka pasi fupi akikatiza katikati, na Chancellor akamfikia kwa bega la nguvu pale pale. Thomas aliushika mpira, lakini uwanja mzima ulisikia.

Sasa angalieni namba. Thomas alidaka pasi 13, rekodi ya Super Bowl wakati huo, akapata yadi 118, yaani kama 9 kwa kila pasi. Manning alikamilisha 34 kati ya 49, ambazo ukiziona peke yake utasema amecheza vizuri. Kumbe kila jaribio lilimpa wastani wa yadi 5.7, wakati msimu ule alikuwa na 8.3. Denver walizoea kudaka mfupi kisha kukimbia mrefu. Siku hiyo kila aliyedaka aliangushwa alipodakia.

Hatua ya 5: Ua mbio, nyang'anya mpira

Mbio za Denver, yaani kusogea kwa kukimbia na mpira badala ya kuurusha, ziliishia yadi 27 kwa mechi nzima, kwa hiyo Manning akabaki na mkono wake tu. Na timu inayorusha kila mara huku iko nyuma itapoteza mpira: walipoteza mara nne.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, si walizawadiwa? Mpira wa kwanza kabisa ulimpita Manning kichwani!

Jibu: Kweli, senta aliupitisha wakati Manning anasogea mbele kubadilisha mpango, ukaingia eneo lao wenyewe, Seattle wakapata pointi 2 sekunde 12 tu tangu mechi ianze. Lakini ondoa hizo 2, bado ni 41-8. Denver hawakupata pointi yoyote hadi jaribio la mwisho la robo ya tatu. Bahati haikai muda wote huo.

Swali: Nilisikia walikuwa wanazijua ishara za Manning.

Jibu: Sherman alisema hivyo baada ya mechi, kwamba walizing'amua baadhi ya ishara zake za mikono. Naamini iliwasaidia kufika mapema. Ila kujua pasi inaenda wapi hakukusaidii kama huna miguu ya kufika.

Swali: Kaka, mwaka uliofuata Tom Brady, kwotabeki wa New England, aliwafunga ulinzi huohuo kwa pasi fupifupi. Somo lako linasimamaje?

Jibu: Swali zuri. Februari 2015, Glendale, Arizona, New England walikuwa nyuma 24-14 robo ya nne wakashinda 28-24. Angalia nani alikosekana Seattle: konabeki Jeremy Lane alivunjika mkono robo ya kwanza, na Avril akatoka robo ya tatu baada ya kugongwa kichwa. Brady alimwandama aliyeingia badala ya Lane, na presha ya mbele ilipopungua akawa na muda wa kuchagua. Hatua ya pili ikianguka, ya tatu na ya nne haziwezi kusimama peke yake.

Swali: Mbinu hii bado inafanya kazi siku hizi?

Jibu: Februari 2025, New Orleans, Philadelphia Eagles chini ya kocha wa ulinzi Vic Fangio hawakupeleka mtu wa ziada kwa Patrick Mahomes, kwotabeki wa Kansas City Chiefs, hata mara moja. Wanne tu. Wakamwangusha mara sita, mapumziko ikawa 24-0, mechi ikaisha 40-22.

Swali: Sisi wa raga huku Nairobi tunaona kama mnachelewa kukaba. Kuna uhusiano kati ya ukabaji wenu na wetu?

Jibu: Upo. Mwaka 2014 Pete Carroll, kocha mkuu wa Seattle, alitoa video ya kufundisha ukabaji wa mtindo wa raga: kichwa pembeni, bega kwenye mapaja, mikono ifunge, miguu iendelee kusukuma. Na mwenzenu Daniel Adongo alitoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, akacheza kama lainibeka, mlinzi anayesimama nyuma ya wale wa mstari wa mbele. Ukitaka kujifunza hatua ya nne, anza na mazoezi yenu ya kukaba. Hizo nyingine zinahitaji mwalimu na ubao.