Mapitio ya Urubani Marekani: Jinsi ya Kuyaomba Yakufae Wewe

Mwenye leseni ya rubani binafsi ya Marekani haruhusiwi kuwa rubani mkuu kama hajafanya mapitio ya urubani, yaani kikao cha mafunzo na mwalimu wa urubani, ndani ya miezi 24. Kanuni ni namba 61.56 ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, na miezi ni ya kalenda: aliyeyafanya tarehe 10 Machi 2024 anaishia 31 Machi 2026.

Sharti la chini ni saa moja ya mafunzo ya ardhini na saa moja angani. Sheria za urukaji za Sehemu ya 91 ya kanuni za FAA lazima zipitiwe. Mazoezi ya angani huchaguliwa na mwalimu. Usipomweleza unachohitaji, atakupa kile anachompa kila mtu: kona kali mbili tatu, kutua mara tatu, sahihi, kwaheri.

Kwanza hakikisha unayahitaji. Ukifaulu mtihani wa vitendo wa daraja jipya, au ukikamilisha awamu ya WINGS, programu ya FAA ya mafunzo ya hiari kwa marubani, kwenye FAASafety.gov, unasamehewa. WINGS hugawa mazoezi katika miezi kadhaa, na mimi naipendelea kuliko kusubiri wiki ya mwisho.

Kisha tafuta mwalimu anayeijua aina ya ndege yako, umwandikie kabla ya kupanga siku. Mfano:

“Mwaka huu nimeruka mchana tu, kutoka uwanja usio na mnara wa kuongozea ndege. Julai nataka kuipeleka familia Leadville, Colorado, kwa Cessna 172. Upepo wa ubavuni bado unanitisha.”

Ujumbe huo unampa mwalimu kazi. Leadville iko futi 9,934 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na joto la mchana huizidisha wepesi. Injini inapungukiwa nguvu, ndege inakula njia ndefu zaidi kabla ya kunyanyuka, kisha inapanda kwa shida. Basi saa ya ardhini iwe ya kukokotoa uzito, urefu wa njia na kasi ya kupanda kwa majedwali ya kitabu cha ndege hiyohiyo. Angani, ombeni siku yenye upepo wa ubavuni, na mtembelee uwanja wenye mnara ili redio isikuogopeshe. Saa moja isipotosha, ongezeni.

Siku yenyewe beba leseni, kitambulisho chenye picha, cheti cha afya au hati za BasicMed (mpango unaokubalika badala ya cheti hicho), na daftari la safari.

Hakuna kufeli. Mwalimu akiridhika anaandika uthibitisho daftarini; asiporidhika anaandika mafunzo mliyofanya, nanyi mnapanga siku nyingine. FAA haipelekewi taarifa yoyote.

Uthibitisho huo peke yake hautoshi kubeba abiria: lazima uwe umepaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita. Kwa usiku, hizo 3 ziwe za usiku, na kila mara ndege isimame kabisa.