Kutoka Shimoni hadi Hatteras: jinsi ya kuomba leseni ya unahodha wa boti ya uvuvi wa kukodi Marekani

Majira ya joto yakikaribia, simu yangu haitulii. Anayepiga huwa kijana wa pwani, yuko Ohio au Minnesota, amechoka na kazi ya ghala, na amesikia kwamba huku North Carolina kuna watu wanalipwa kuwapeleka wageni bahari kuu kuvua jodari. "Kaka, mimi nimevua tangu utotoni. Naanzia wapi?" Nimelijibu swali hilo mara nyingi kwa mdomo, sasa acha niliandike.

Ukimbeba abiria hata mmoja aliyelipa, kwenye boti yenye injini, lazima uwe na leseni ya Walinzi wa Pwani wa Marekani, yaani USCG. Ya kuanzia inaitwa OUPV, yaani leseni ya kuendesha boti ndogo za abiria zisizokaguliwa na serikali. Bandarini huisikii kwa jina hilo, wanaiita "six-pack", kwa kuwa inakuruhusu abiria wasiozidi sita, kwenye chombo kisichofika tani 100. Ziko za maji ya ndani na za baharini. Wewe omba ile ya Near Coastal, inayokufikisha hadi maili 100 kutoka pwani. Boti za Hatteras, huku kwetu North Carolina, zinazokimbilia maji ya samawati ya mkondo wa Gulf Stream hazihitaji zaidi ya hapo.

Kuhusu uraia

Hapa ndipo wengi hukata tamaa bure. Ni kweli leseni za maofisa wa vyombo vya Marekani hupewa raia tu, lakini OUPV ina mlango wake mdogo. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaweza kupewa, ila itaandikwa kwamba ni ya vyombo visivyo kwenye daftari la usajili la serikali kuu, yaani vile vilivyosajiliwa na jimbo peke yake. Chombo cha biashara chenye tani halisi 5 au zaidi kinatakiwa kuwa kwenye daftari hilo, na boti nyingi zinazopita futi 25 hufikia kiwango hicho. Kwa hiyo zile boti kubwa za futi 50 zenye viti vya kupigania nduaro usizitolee macho kwanza. Utaanza na boti ndogo za wazi. Usikimbilie kununua yako pia, maana mmiliki wa boti ya abiria naye ana masharti yake ya uraia, na ni makali. Ajiriwa kwanza. Siku ukiapishwa kuwa raia, unaomba kile kizuizi kiondolewe.

Siku 360

Kiini cha maombi yote ni hesabu ya siku. Wanataka siku 360 ulizokuwa kazini kwenye chombo, na kati ya hizo angalau 90 ziwe za baharini au karibu na pwani, si za mtoni wala ziwani. Tena lazima siku 90 ziwe za miaka ya karibuni; waulize USCG ni mingapi kwa sasa. Kwa boti zetu ndogo, siku ni angalau saa 4 za chombo kuwa safarini. Ukitoka alfajiri na tena jioni, bado umepata siku moja. Ukiwa umefungwa gatini unaosha deki, hujapata kitu.

Siku hizo huandikwa kwenye fomu CG-719S, fomu moja kwa kila chombo. Ina jedwali la miezi na miaka, nawe unajaza idadi ya siku kwa kila mwezi. Wanauliza pia urefu wa boti, tani zake, cheo chako, wastani wa saa kwa siku na wastani wa umbali kutoka pwani. Mwenye boti au nahodha anatia sahihi. Kama boti ilikuwa yako, unajitilia sahihi mwenyewe na kuambatanisha ushahidi kwamba ni yako, kama vile hati ya usajili au ya mauzo.

Sasa jambo ambalo watu wetu hawaambiwi: siku ulizofanya kazi nyumbani zinaweza kuhesabiwa. Kanuni zao zinatambua utumishi kwenye vyombo vya nchi nyingine, mradi ulete ushahidi wa maandishi, na kama hauko kwa Kiingereza, utafsiriwe. Wao ndio watakaopima na kuamua wakupe ngapi.

Shida ni hayo maandishi. Mimi nilifanya kazi Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, kwenye boti ya kupeleka wageni kwenye mkondo wa Pemba, misimu ya kaskazi kadhaa, nikifunga chambo, nikishika usukani nahodha akila, nikiosha damu ya samaki jioni. Hakuna aliyeniandikia hata karatasi moja. Nikampigia simu mzee mwenye boti.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Huko baridi bado?"

Nikamweleza ninachotaka. Akacheka. "Barua ya nini? Shimoni nzima ilikuona."

Nikamwambia Shimoni nzima haiwezi kutia sahihi fomu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Subiri. Daftari la mafuta lipo."

Lilikuwa daftari la shule, jalada limeliwa na chumvi. Kila safari alikuwa ameandika tarehe, lita za petroli, na neno moja: "Pemba" kama tulitoka nje, "karibu" kama tulivua ndani ya miamba. Pembeni, majina ya mabaharia wa siku hiyo, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akigawa posho. Binti yake alipiga picha ukurasa mmoja baada ya mwingine na kunitumia. Nilikaa usiku tatu nikihesabu tarehe zenye jina langu. Baadaye mzee akatoa barua ya Kiingereza yenye jina la boti, namba ya usajili, urefu, tani, kazi yangu na jumla ya siku kwa kila mwezi, akaitia sahihi. Kurasa za daftari nikazipeleka kwa mtafsiri anayethibitisha tafsiri yake kwa sahihi, nikaziambatanisha.

Sikupewa siku zote nilizodai. Nilizopewa zilinipunguzia zaidi ya mwaka mmoja wa kusubiri. Kwa hiyo kama bado uko Kilifi, Mafia au Nungwi na una ndoto ya kuvuka, anza leo kuandika, na umwombe nahodha wako atie sahihi kila mwisho wa mwezi angali hai na mnasikilizana.

Zile 90 za miaka ya karibuni ni habari nyingine. Kama ulikuja zamani, za nyumbani zimeshapitwa. Tafuta kazi ya ubaharia kwenye boti za kukodi hapa hapa. Wikiendi tupu zinatosha kukufikisha ndani ya misimu miwili au mitatu. Nahodha ambaye atakuwa nawe toka saa kumi na moja alfajiri hana sababu ya kukunyima sahihi ya 719S, lakini mwambie mapema, usimwibukie Desemba na fomu tupu.

Karatasi nyingine

Siku zikiwa zimetimia, vilivyobaki ni mbio za ofisi. Umri uwe miaka 18 au zaidi. Kisha:

Kadi ya TWIC ndiyo ya kwanza, kwa sababu inachukua muda. Ni kitambulisho cha usalama cha wafanyakazi wa bandari na vyombo, kinatolewa na TSA, idara ya usalama wa usafiri. Unajiandikisha mtandaoni, unaenda kituoni na hati zako, wanachukua alama za vidole na picha. Inagharimu zaidi ya dola 120 na inadumu miaka 5. Mwenye green card anaruhusiwa kuiomba.

Fomu ya afya ni CG-719K. Daktari, au muuguzi mwenye mamlaka ya kutibu, anakupima macho, masikio na nguvu za mwili, na kuandika dawa zote unazotumia. Wanajali sana kutambua rangi, maana usiku taa nyekundu na ya kijani ndizo zinazokwambia chombo cha mbele kinaelekea wapi. Ukiwa na kisukari au presha, usifiche. Waombaji wenye maradhi hayo hupewa cheti wakileta vipimo vinavyoonyesha yamedhibitiwa, bali aliyeficha akigundulika, hana pa kuanzia tena.

Kipimo cha dawa za kulevya kiwe ndani ya siku 185 kabla ya maombi, kwenye fomu CG-719P. Hapa nilipoteza wiki sita. Zahanati moja ilinipima vizuri kabisa, majibu safi, kumbe walitumia kipimo chao cha kawaida cha waajiri badala ya kile cha utaratibu wa Idara ya Uchukuzi, yaani DOT. Faili likarudi. Kabla hujakojoa kwenye kile kikombe, uliza: "Hiki ni cha DOT?" Wakisitasita, ondoka.

Cheti cha huduma ya kwanza na cha kufufua moyo na mapafu, mafunzo yake yawe ya mwaka mmoja uliopita. Vya American Red Cross vinakubalika.

Na kama uliwahi kutiwa hatiani mahakamani, ikiwemo kuendesha gari umelewa, ipo fomu CG-719C ya kueleza. Eleza. Watachunguza tu.

Mtihani

Unaweza kufanya mtihani kwenye kituo cha USCG au ukasoma kwenye shule iliyoidhinishwa nao, ukafanya mtihani hapo hapo, na cheti chake kikachukua nafasi ya mtihani wa serikali. Wengi hupita shuleni, nami nasema ni fedha iliyotumika vizuri, hasa kwa aliyejifunza bahari kwa macho badala ya vitabu. Mimi niliweza kumwambia mtu mkondo unavuta wapi kwa kutazama povu, lakini kuchora mstari kwenye ramani, kutoa tofauti ya dira na kuandika nyuzi, hilo lilinitoa jasho.

Somo la kuogopa ni sheria za njia baharini: nani ampishe nani, taa zipi, honi ngapi. Alama ya kupita ni asilimia 90. Masomo mengine ni asilimia 70. Sheria hizo zina maneno yaliyochaguliwa mno, na jibu la "karibu sawa" ni kosa. Zikariri kwa Kiingereza chake, kwa sauti, ukiwa jikoni au kwenye basi. Nahodha anatakiwa pia aweze kuzungumza na kuelewa Kiingereza cha kazi, kile cha redioni na cha kwenye ramani, lakini lafudhi ya Mtang'ata haijamfelisha mtu.

Kutuma

Fomu kuu ya maombi ni CG-719B. Ada unalipa kwenye tovuti ya Pay.gov: dola 100 za kupitia faili na dola 45 za kutoa leseni. Anayefanya mtihani kwa USCG anaongeza dola 95. Chapisha stakabadhi, iweke pamoja na vyote vilivyotangulia, changanua kuwa faili moja lililo wazi kusomeka, na utume kwenye kituo cha mitihani cha eneo lako. Viko Charleston, Miami, Baltimore na kwingineko. Faili likikamilika linaenda ofisi yao kuu ya vyeti iliyoko Martinsburg, West Virginia, mji ambao hauna hata harufu ya bahari. Wakikuandikia kwamba kuna upungufu, jibu siku hiyo hiyo. Hakikisha jina lako limeandikwa namna moja kila mahali. Sisi wenye "Mohamed" kwenye pasipoti na "Mohammed" kwenye TWIC tunayajua machungu yake.

Leseni ikifika, bado hujamaliza. Leseni yako ni ya kuendesha. Boti nayo inahitaji kibali cha samaki. Kwa Atlantiki, boti ya kukodi inayowinda jodari, nduaro, samaki upanga na papa lazima iwe na kibali cha HMS Charter/Headboat, yaani cha boti za kukodi zinazovua samaki wa safari ndefu, kutoka NOAA, idara ya serikali kuu inayosimamia uvuvi wa baharini, kinachohuishwa kila mwaka. Jodari mkubwa wa bluefin akiuawa, taarifa itolewe ndani ya saa 24. Nduaro wa buluu asiyefika inchi 99, akipimwa kutoka taya ya chini hadi kwenye pacha ya mkia, anarudi majini, hata mteja alie. Jimbo nalo lina leseni yake. Florida, kwa mfano, leseni ya boti ya kukodi inawafunika wateja wote waliomo, kwa hiyo hawahitaji kununua zao.

Jiunge pia na mpango wa kupimwa dawa za kulevya kwa kushtukizwa, kwani nahodha wa abiria wanaolipa haruhusiwi kufanya kazi nje yake, na barua ya uanachama wake iwe ndani ya boti pamoja na leseni.

Leseni hudumu miaka 5. Njia nyepesi ya kuihuisha ni kuonyesha siku nyingine 360 ndani ya miaka hiyo, kwa hiyo daftari lako jipya liwe mfukoni kuanzia safari ya kwanza: tarehe, lita, na kama ilikuwa "nje" au "karibu".